Maswali ya Wasomaji: Mtoto Anasomea Nyumbani, Je, Tujiunge na Ushirika wa Wazazi?

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu kumsomesha mtoto mdogo nyumbani, hasa kutoka kwa wasomaji wetu wanaoishi Marekani. Kule jambo hili si geni tena. Idara ya Sensa ya nchi hiyo iliona kaya zenye watoto wa umri wa shule zinazosomesha nyumbani zikipanda kutoka asilimia 5.4 hadi 11.1 ndani ya mwaka 2020 pekee, na kwa kaya za watu weusi kutoka asilimia 3.3 hadi 16.1. Tumechagua barua nne. Ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kwa sababu inagusa mambo ambayo wengine wameyauliza nusunusu.

Jirani ametualika, lakini nasita

*Bi Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa na ninaishi Houston, Texas, pamoja na mume wangu ambaye ni dereva wa malori, na mtoto wetu wa kiume aliyetimiza miaka 6 mwezi Julai. Hajawahi kuandikishwa shule. Tangu mwaka jana ninamsomesha mwenyewe nyumbani: anasoma maneno mepesi ya Kiingereza, anahesabu mpaka 100, na Kiswahili anakizungumza vizuri kwa kuwa ndiyo lugha yetu ya nyumbani. Tatizo ni upweke, wake na wangu. Jirani ametualika kwenye ushirika wa wazazi wanaosomesha nyumbani, ambao hukutana kila Alhamisi katika ukumbi wa kanisa. Tulipokwenda kutazama, mwanangu alijificha nyuma ya gauni langu muda wote. Wananitaka nifundishe somo moja au nisaidie darasani, nilipe ada ya muhula, na nitie sahihi tamko la imani ya Kikristo, ilhali sisi ni Waislamu. Nimefanya kazi ya uhasibu lakini sijawahi kufundisha, na Kiingereza changu kina lafudhi nzito. Mama yangu naye, kila nikimpigia simu, ananiuliza mjukuu wake ataanza shule lini. Je, nijiunge? Na je, ninachokifanya kinatosha? — Mama wa mtoto mmoja, Houston*

Dada yangu, naanza na swali lako la mwisho, kwa sababu mzazi asiye na hakika na kazi anayoifanya nyumbani huingia katika ushirika akitarajia umfanyie jambo ambalo haukuundwa kulifanya.

Kwa upande wa sheria, unaishi mahali penye nafuu kubwa. Texas humhesabu mzazi anayesomesha nyumbani kuwa anaendesha shule ya binafsi, na Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilithibitisha hivyo mwaka 1994 katika kesi ya familia ya Leeper na wenzao, iliyokuwa imefunguliwa mwaka 1985. Mtoto aliyetimiza miaka 6 kufikia Septemba 1 ni lazima awe anasoma, kwa hiyo mwaka huu ndio wa kwanza ambapo amri hiyo inamhusu mwanao. Kinachotakiwa ni mtaala wa kweli unaoonekana kwa macho, uwe wa vitabu, madaftari au kompyuta. Ufundishwe kwa nia ya dhati, usiwe wa kusingizia. Na uwe na kusoma, tahajia, sarufi, hisabati na uraia mwema. Hutakiwi kujiandikisha popote, wala kumpeleka mtoto kwenye mtihani wa serikali, wala kutimiza idadi fulani ya siku. Barua ya kumwondoa mtoto shuleni, ambayo wazazi wengine hulazimika kuiandika, haikuhusu kwa kuwa hajawahi kuandikishwa. Hata hivyo nakusihi uweke jalada lenye orodha ya vitabu alivyosoma, kurasa chache za mwandiko wake za kila mwezi, na maelezo mafupi ya ulichofundisha. Familia zetu huhamahama kufuata kazi, na majimbo mengine huuliza mambo ambayo Texas haiulizi.

Kuhusu kiasi cha kufundisha, mtoto wa miaka 6 hahitaji siku nzima ya masomo. Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyeishi kati ya mwaka 1842 na 1923, na ambaye mawazo yake yanafuatwa na vikundi vingi vya Marekani mpaka leo, alishikilia kwamba masomo rasmi yaanze mtoto akifika umri huo hasa, kila somo lisizidi dakika 20, na sehemu kubwa ya siku iliyobaki aitumie nje. Nilipomsomesha binti yangu nyumbani niliona kwamba saa moja na nusu ya kazi yenye utulivu ilizaa zaidi kuliko saa nne za kusukumana. Kama mume wako akirudi safarini hulala mchana, fanya masomo ya mezani asubuhi, kisha mtoke. Bustani ya Hermann ina kivuli na nafasi ya kukimbia, na siku za joto kali maktaba za jiji zina ubaridi, vitabu, na watoto wengine.

Kuna jambo moja katika barua yako ambalo umelipita haraka, nami naliona ndilo kubwa. Unasema mtoto anakizungumza Kiswahili vizuri, lakini hukusema kama anakisoma. Anza hapo. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, na mtoto anayejua ba, be, bi, bo, bu anaweza kusoma neno ambalo hajawahi kuliona. Kata boksi la nafaka vipande vidogo, andika silabi moja katika kila kipande, mwekee mezani ma, ji, ko, ki, ti, ta, bu, halafu mwache aunde mama, maji, jiko, kiti, kitabu. Utamwona anapoweka ji mbele ya ko, anatamka taratibu, kisha anageuka kutazama jikoni. Mtoto aliyekwisha kugundua kwamba herufi hubeba sauti, na sauti hubeba maana, huyastahimili vizuri zaidi maneno ya Kiingereza ambayo huandikwa hivi na kutamkwa vile. Tanzania ilipobadili mtaala wa darasa la kwanza na la pili mwaka 2015, iliuelekeza kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, yaani KKK, badala ya kuwarundikia watoto masomo mengi. Nawe nyumbani fanya vivyo hivyo. Kiingereza atakipata kila mahali Houston, hata usipojitahidi. Kiswahili cha kusoma na kuandika hatakipata popote isipokuwa kwenye meza yako.

Sasa nije kwenye ushirika. Jibu langu ni kwamba mjiunge na ushirika, lakini si huo.

Tamko la imani si karatasi ya kupitisha tu. Baadhi ya vikundi huwataka wanaofundisha pekee walitie sahihi, wengine wakalisoma na kuahidi kuliheshimu. Baadhi humtaka kila mzazi akiri kwamba anayaamini yaliyomo. Na vingine havina tamko lolote. Kwa maelezo yako, kikundi cha jirani ni cha aina ya pili. Watu wale wana haki ya kukusanyika kwa ajili ya dini yao, nawe una haki ya kutotamka usichokiamini, na hakuna ubaya kwa upande wowote. Lakini kuweka sahihi ili upate nafasi, ukijua moyoni kwamba hukubaliani, kutakufanya uishi kwa hofu kila Alhamisi, na mtoto atasikia darasani mambo ambayo jioni utalazimika kuyasahihisha. Mshukuru jirani kwa dhati, mweleze sababu waziwazi, na mwombe jambo dogo zaidi: mkutane na watoto wenu wakati mwingine bustanini. Kisha tafuta kikundi kisicho na tamko, au cha familia za Kiislamu, ambazo ni nyingi Houston. Uliza msikitini kwenu, na uulize wakutubi, ambao huwajua wazazi wanaokuja maktabani na watoto saa za shule.

Kabla hujajiunga popote, elewa unachokiingia. Ushirika wa wazazi unafanana na chama cha akina mama cha kuchangiana, ila kinachozungushwa humo ni kazi. Saa tatu asubuhi magari huanza kuingia, wazazi wanashusha masanduku ya plastiki yaliyojaa gundi, rangi na mikasi isiyo na ncha, meza za kukunja zinafunguliwa, na mama mmoja anakaa mlangoni na orodha ya majina. Katika chumba kimoja baba anafundisha sumaku, katika kingine mama anasoma hadithi huku watoto wawili wakigombania mto wa kukalia, na kwenye chumba cha watoto wachanga yupo mtu aliyekubali zamu ambayo wengi huikimbia. Baada ya chakula cha mchana ukumbi hufagiliwa na wazazi haohao, kwa sababu mwenye jengo anautaka kama alivyoutoa. Mzazi haachi mtoto na kuondoka. Ukimkuta mtu analalamika kwamba ushirika wao umevunjika, mara nyingi utakuta walikuwapo waliofika kama wateja, na kazi ikawaelemea watu watatu au wanne mpaka wakachoka.

Kwa hiyo maswali ya kumuuliza mratibu yaanzie kwenye zamu. Utafanya kazi gani, kwa wiki ngapi, na ukiugua nani atashika nafasi yako? Uliza ada inalipia nini, maana kwa kawaida inagawanyika kati ya ukumbi, bima na vifaa, na uulize ni kiasi gani hurudishwa iwapo mtoto ataacha katikati ya muhula. Uliza pia migogoro inaamuliwaje, na kama kuna kanuni zilizoandikwa. Kikundi kisicho na kanuni kwenye karatasi huwa na kanuni kichwani mwa mtu mmoja, nazo hubadilika.

Kuhusu usalama wa mtoto usione haya hata kidogo. Vikundi vinavyojali huhakikisha kila chumba kina watu wazima wawili wasio wa familia moja, na huchunguza rekodi za uhalifu za kila anayefundisha. Mtoto wa miaka 6 atahitaji kwenda chooni: nani humpeleka, na mlango hubaki vipi? Wanafanyaje mtoto mwenye aleji ya karanga akiwamo darasani? Mtoto mwenye homa hurudishwa nyumbani baada ya muda gani? Mratibu akikujibu kwa utulivu na kwa kina, hiyo ni dalili njema. Akiona umemkosea adabu kwa kuuliza, ondoka.

Utakutana na majina ya njia za kufundishia, nayo yasikutishe. Kikundi kinachojiita cha Charlotte Mason kitakuwa na matembezi ya kutazama mimea na ndege, vitabu vya masimulizi, na mtoto kusimulia alichosikia. Kinachojiita cha kiklasiki kitakuwa na kukariri kwingi: tarehe, mito, hesabu za kuzidisha, hata Kilatini. Wafuasi wa John Holt, mwalimu wa Marekani aliyeanzisha mwaka 1977 jarida la wazazi wanaosomesha nyumbani, humwacha mtoto afuate hamu yake na hukwepa ratiba kabisa. Kwa umri wa mwanao, mimi ningependelea kikundi chenye uchezaji mwingi, chochote kinavyojiita, na kilicho karibu. Kwa Houston ukaribu si jambo dogo. Dakika 50 za barabara kuu kwenda na nyingine kurudi zitakula siku yako nzima, na siku inayofuata mtoto hatakuwa na nguvu ya kukaa na kitabu.

Kujificha kwake nyuma ya gauni lako hakunitii wasiwasi. Mtoto aliyezoea sauti ya mama yake pekee ameingizwa ukumbini penye watoto kadhaa wasiomjua, wakizungumza lugha ambayo si ya nyumbani kwao. Mpe kwanza mtoto mmoja au wawili wa kikundi mtakachokichagua, wakutane mahali pa kucheza mara kadhaa kabla ya muhula kuanza, ili siku ya kwanza aone uso anaoujua. Nawe katika muhula wa kwanza omba zamu ya kusaidia katika darasa lake, halafu muhula wa pili hamia chumba kingine.

Hilo linajibu pia hofu yako ya kufundisha. Anza kama msaidizi: utajifunza jinsi wenzako wanavyowanyamazisha watoto 10 bila kupaza sauti, na ufundi huo hupatikana kwa kutazama. Baadaye fundisha kitu unachokimudu. Mhasibu anaweza kuwafundisha watoto kuendesha duka la kujifanya, kwa sarafu halisi, bei zilizoandikwa kwenye kadi, na daftari la mauzo. Unaweza kuwafundisha kupima unga kwa kikombe na nusu kikombe mkitengeneza chapati. Lafudhi yako haizuii lolote kati ya hayo, na wazazi wengi wa Marekani hufurahi watoto wao wanapozoea kusikiliza Kiingereza cha watu mbalimbali.

Anza muhula wa Januari, usikimbilie huu. Tumia miezi iliyobaki kuimarisha masomo ya asubuhi, kwa sababu ushirika hukutana siku moja tu kwa wiki, nao haukuondolei wajibu wako: kisheria na kiuhalisia, mwalimu wa mwanao ni wewe na baba yake. Siku ya ushirika iwe ya marafiki, na ya yale mambo ambayo mtu hawezi kuyafanya peke yake na mtoto mmoja, kama michezo ya makundi, kuimba kwa pamoja, na kusubiri zamu.

Kuhusu mama yako, usibishane naye. Wasiwasi wake ni wa mapenzi, na kwake neno shule lina maana ya sare, kengele na kadi ya ripoti. Mkumbushe kwamba watoto wengi wa pwani yetu huanzia chuoni, yaani madrasa, wakikaa mkekani mbele ya mwalimu wa mtaani, na hakuna anayesema hawasomi. Halafu mwonyeshe. Saa tatu asubuhi ya Houston ni saa kumi na moja jioni ya Mombasa, na baada ya Wamarekani kurudisha saa nyuma mwezi Novemba huwa ni saa kumi na mbili, kabla ya magharibi. Mpigie mara moja kwa wiki wakati huo, mtoto amsomee bibi yake ukurasa mmoja wa Kiswahili, naye bibi amsahihishe. Atakuwa na kazi katika masomo ya mjukuu wake, na sidhani kama swali la shule litarudi kwa sauti ileile.

Minnesota wanataka nini?

*Mimi ni baba wa watoto wawili. Mkubwa alitimiza miaka 7 mwezi Julai na hajawahi kuandikishwa shule. Rafiki yangu wa Texas ananiambia sina haja ya kumwarifu mtu yeyote kwamba tunamsomesha nyumbani. Je, ni kweli? — Baba wa Minneapolis*

Ndugu yangu, kwa Texas ni kweli, kwako si kweli. Minnesota humlazimu mtoto kusoma kuanzia miaka 7 hadi 17, na mzazi anayesomesha nyumbani hupeleka taarifa kwa msimamizi wa shule wa wilaya yake kabla ya Oktoba 1. Taarifa hiyo ina jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, anwani, jina la anayemfundisha, na uthibitisho wa chanjo au wa kusamehewa chanjo. Kwa mtoto wako mwenyewe, huhitaji cheti cha ualimu. Miaka inayofuata utapeleka barua fupi ya kuendelea, nayo pia kabla ya Oktoba 1.

Kila mwaka mtoto hufanya mtihani sanifu wa kitaifa, ambao huchaguliwa kwa kukubaliana na msimamizi huyo. Matokeo hubaki kwako. Alama zake zikimweka katika asilimia 30 ya chini kati ya wenzake, sheria inakutaka umfanyie uchunguzi zaidi ili ijulikane kama ana tatizo la kujifunza, na hilo ni jambo la kumsaidia yeye. Masomo ni mengi kuliko ya Texas, yakiwamo sayansi, historia, jiografia, sanaa na afya. Tunza risiti za vitabu na vifaa vya kufundishia, kwa sababu Minnesota ina nafuu ya kodi kwa gharama za elimu, na wanaosomesha nyumbani wamo.

Nawaomba wasomaji wote wasichukue sheria kutoka kwa rafiki wa jimbo au nchi nyingine. Ujerumani kusomesha nyumbani badala ya shule hakuruhusiwi, na Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilikataa mwaka 2006 ombi la familia iliyopinga katazo hilo. Uingereza, kinyume chake, sheria ya mwaka 1996 inamruhusu mzazi kumwelimisha mtoto shuleni au kwa njia nyingine.

Tunataka kuajiri mwalimu mmoja sebuleni

*Sisi ni familia nne jirani hapa Nairobi. Watoto wetu wana miaka 5 na 6, na tumepanga kumwajiri mwalimu mmoja awafundishe kila siku katika sebule yangu badala ya kuwapeleka shule. Je, tuendelee? — Mzazi, Nairobi*

Msianze hivyo. Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inasema mzazi asiyempeleka mtoto shule ametenda kosa. Sheria hiyohiyo inakataza kutoa elimu ya msingi bila kusajiliwa, na mwalimu wa shule naye anapaswa kuwa amesajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu. Watoto wa familia nne, mwalimu wa mshahara, na masomo ya kila siku: kwa macho ya ofisa wa elimu, hiyo ni shule isiyosajiliwa. Nendeni kwanza kwenye ofisi ya elimu ya kaunti mkaeleze mnachotaka, na mpate jibu kwa maandishi.

Lakini hamu yenu isipotee. Mnaweza kuunda kikundi cha wazazi cha Jumamosi, watoto wakiendelea na shule, kila mzazi akashika zamu: mmoja hadithi, mwingine upandaji wa mboga, mwingine ususi wa mikeka. Sehemu kubwa ya uzuri wa ushirika mnaoutamani ipo hapo, na hamhitaji kumtoa mtoto shuleni ili muipate.

Nimeombwa nifundishe Kiswahili

*Ushirika wetu hapa Ohio umeniomba niwafundishe Kiswahili watoto wa miaka 5 hadi 7. Wengi hawana asili ya Afrika Mashariki. Nifundishe nini, na nianzie wapi? — Mama wa Columbus*

Dada, kubali. Ila usianze na salamu zilizoandikwa ubaoni na tafsiri zake, wala usiwatajie ngeli. Watoto wa umri huo hujifunza kwa mikono na kwa kurudia. Leta kapu lenye vitu halisi: kikombe, kijiko, kitabu, kiti kidogo cha mwanasesere, halafu vya pili vya kila kimoja. Ukishika kimoja sema kikombe, ukishika viwili sema vikombe, waache nao washike na waseme. Baada ya siku chache mpe mtoto kitu ambacho hamjakitaja, kwa mfano vifungo viwili vya shati, umtajie jina la kimoja tu, na utasikia kama atafika peke yake kwenye vifungo.

Fundisha amri kwa mchezo: simama, kaa, ruka, njoo, nenda, shika, weka. Wape mdako, kwa kokoto laini, kwa sababu hakuna njia bora ya kuhesabu moja mpaka kumi kuliko kurusha jiwe hewani huku ukichota mengine. Kisha wafundishe kutega vitendawili. Hata mtoto asiyejua Kiswahili hufurahia kupiga ukelele wa "Tega!" mwenzake anaposema "Kitendawili!". Anza na chepesi, "Nyumba yangu haina mlango", huku umeficha yai bichi ndani ya kapu. Wakishindwa wape nafasi ya kukupa mji, kama tulivyofanya sisi, na wafurahi kukutajia miji ya kwao Ohio.

Nyimbo unazo tangu utotoni, na mtoto wako mwenyewe atakuwa msaidizi mzuri ikiwa utamwomba kabla na si mbele ya wenzake, maana watoto wengine huona haya lugha ya nyumbani inapogeuzwa ghafla kuwa somo.

Kwa mratibu omba mambo matatu mapema: kipindi kisichozidi dakika 40, watoto wasiozidi 10, na mzazi mmoja wa kukaa nawe chumbani. Omba pia kwamba kipindi chako kisiwekwe mara baada ya chakula cha mchana, wakati nusu ya darasa inasinzia na nusu nyingine inataka kwenda nje.